Jina la domeni lina bei gani? Namna ya kulipima mbele ya kutoa makuta

Mutu anakuja kwenye biro yako na kukuambia: "Patron, niko na jina la intaneti lenye linafaa kabisa kwa kazi yako. Dola 600 tu, na ukichelewa mwingine atalibeba." Una hoteli, ao shule, ao biro ya wakala wa duane kule Kasumbalesa. Dola 600 si makuta ya kuchezea. Je, hiyo ni bei ya kweli, ao anakuuzishia hewa?

Swali hili linazidi kuja katika teritwari yetu, kwa sababu biashara inayovuka mupaka inataka anwani yenye mutu wa Ndola, wa Lubumbashi ao wa Dar es Salaam anaweza kufungua kwenye telefone. Katika makala hii tunaeleza nini inapandisha bei ya jina, nini inaishusha, na fasi gani watu wanapoteza makuta yao.

Jina la domeni ni nini

Kila kompyuta iliyo kwenye intaneti inatambulika kwa namba ndefu. Watu hawawezi kushika namba hizo kichwani, basi wakatengeneza majina. Ukiandika jina, mutandao unatafuta namba yake na kukufikisha kwenye tovuti, ile wengi wetu tunaita saiti. Jina hilo ndilo jina la domeni. Liko na sehemu mbili: neno ulilochagua, kisha mukia unaokuja nyuma ya nukta, kama .com, .org ao .cd.

Kila mukia uko na mwenyi kuuchunga. Shirika la ICANN la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1998, linasimamia mupango wote wa majina duniani. Sosiete ya Verisign ndiyo inachunga .com. Mukia wa inchi yetu, .cd, uko chini ya SCPT, ile Posta na Telekomu ya Kongo. Chini yao kuko wauzishaji wa rejareja wenye kuandikisha majina kwa ajili yako na yangu.

Jambo la kwanza la kushika: hakuna mutu anayenunua jina kwa maisha yote. Unalilipia kwa mwaka. Kwa .com unaweza kulipa hadi miaka 10 mbele, lakini ukiacha kulipa, linakutoka. Ni sawa vile meza ya soko: ukilipa kodi, unaketi, ukiacha, kesho utakuta mwingine amepanga nyanya zake pale.

Jambo la pili: jina la .com lenye bado hakuna mutu aliyelibeba linalipwa karibu dola 10 hadi 20 kwa mwaka, likiwa zuri ao baya. Bei kubwa tunazosikia ni za majina yaliyokwisha kubebwa, yenye yanauzishwa tena na mwenyi kuyashika. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa yule mutu wa dola 600 ni hili: jina hili liko huru kwa dola 15, ao wewe ndiye unalishika? Kuko watu wanaouzisha jina lenye hata hawajalibeba. Chukua telefone yako, ingia kwa muuzishaji yeyote mukubwa wa majina, andika jina, utaona mara moja kama liko huru.

Bei inatoka kwa mwenyi kulihitaji

Watu wengi wanafikiri jina linapata bei kwa sababu ni fupi ao linapendeza masikio. Hiyo inasaidia, lakini haitoshi. Tuangalie mifano yenye inajulikana.

Mwaka wa 2010, sosiete ya Facebook ilinunua jina fb.com kwa dola milioni 8.5. Lilikuwa mukononi mwa nani? Shirika kubwa la wakulima wa Marekani, American Farm Bureau. Kwao herufi hizo mbili zilikuwa kifupi cha jina lao, basi. Herufi hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sosiete yenye makuta mengi ilizihitaji.

Mwaka huo huo, insurance.com, maana yake bima, iliuzishwa kwa dola milioni 35.6. Mwaka wa 2019, voice.com, maana yake sauti, iliuzishwa kwa dola milioni 30. Kwa nini bima? Kwa sababu mutu mumoja anayechukua bima anailetea sosiete faida kwa miaka mingi, na masosiete ya bima ni mengi, kila moja ingependa kuwa mwenyi kushika neno hilo. Neno lenye linaweza kufaa masosiete elfu moja lina bei kuliko neno lenye linafaa mutu mumoja peke yake.

Hapo ndipo kuna kipimo cha kwanza. Jiulize maswali mawili: ukitoa mimi, ni nani tena anaweza kulihitaji jina hili? Na huyo, mushitiri mumoja anamuletea faida gani? Kama jina ni la ukoo wa baba yako pamoja na neno "hoteli" na kijiji chako, mununuzi ni wewe tu. Mwenyi kulishika anajua hivyo, na wewe pia ujue: hana mwingine wa kumuuzishia. Bei ya kweli hapo iko karibu sana na zile dola 15.

Kipimo cha redio

Sisi wa redio tuko na kipimo chetu, na wanunuzi wakubwa wa majina wanakitumia pia. Litaje jina mara moja tu kwa sauti. Musikilizaji anaweza kuliandika bila kukuuliza tena? Kama ndiyo, jina ni zuri. Kama unalazimika kusema "na kistari katikati, kisha namba mbili, si kwa maandishi, kwa tarakimu", limeanguka.

Kwetu kipimo hiki ni kikali zaidi, kwa sababu tunaandika kwa namna nyingi. Mumoja anaandika Kasumbalesa, mwingine Kasumbalessa. Mwenyi kusoma Kifaransa anaweka "ou" fasi mwenyi Kiswahili anaweka "u". Upande wa Zambia, katika maandishi ya Kibemba, herufi "c" peke yake inasomwa kama "ch" yetu. Neno moja likisikika kwenye redio, watu watatu wanaweza kuliandika kwa njia tatu, na wawili kati yao hawatafika kwako. Wale wanaotafuta sana jina lako wanaweza hata kufika kwa mushindani aliyebeba maandishi ile mengine.

Basi jina lenye bei ni fupi, linasemeka, halina namba wala kistari, na halina herufi yenye alama za Kifaransa juu yake. Maneno mawili mepesi yanayoeleweka ni bora kuliko neno moja fupi lenye hakuna mutu anajua kuliandika.

Mukia unabeba nini

Duniani kote, .com bado inapita mingine kwa bei, kwa sababu mutu akisahau mukia, vidole vyake vinaandika .com. Mukia wa .org unazoeleka kwa mashirika na makanisa. Ng'ambo ya mupaka wetu, Wazambia wanatumia .zm, na mara nyingi utaona .co.zm kwenye mabango ya biashara.

Na .cd yetu? Historia yake inafundisha. Wakati wa Zaire, inchi ilikuwa na mukia .zr. Mwezi wa 5 mwaka wa 1997 inchi ikarudia jina la Kongo, na mwaka huo huo ikapewa .cd. Mukia wa .zr ukafutwa kabisa kwenye intaneti mwaka wa 2001. Kila jina lililokuwa nyuma ya .zr lilikufa pamoja nayo, hata kama neno lake lilikuwa zuri namna gani.

Mikia mingine imepata bahati ya herufi. Tuvalu, visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki, inaingiza makuta kwa sababu mukia wake ni .tv, na masosiete ya televisheni yanaupenda. Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibi, iko na .ai, herufi zilezile ambazo Waingereza wanatumia kwa akili bandia. Mwaka wa 2023 mukia huo uliiletea serikali yake karibu dola milioni 32. Herufi cd nazo zinafanana na zile sahani za muziki tulizokuwa tunanunua kitambo. Lakini leo nani angali ananunua sahani? Mukia unaopanda kwa fasheni unaweza kushuka kwa fasheni.

Kwa biashara ya hapa, .cd inasema jambo moja la wazi: niko Kongo. Kama wateja wako ni Wakongomani ao watu wanaotafuta kitu cha Kongo, hiyo ni nguvu. Kama unatafuta mutu wa Ndola na wa Durban pia, .com inaweza kukusaidia zaidi. Wenye uwezo wanabeba zote mbili.

Majina ya fasi na ya masosiete hayakai

Sisi watu wa Katanga tunajua namna majina yanavyobadilika. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka wa 1966. Katanga ikawa Shaba mwaka wa 1971, ikarudi Katanga mwaka wa 1997, kisha mwaka wa 2015 ikagawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwenyi kununua jina lenye "shaba" kwa sababu ya jimbo angejikuta leo na neno linalomaanisha madini tu. Kwa bahati, hilo pia lina wanunuzi!

Telefone pia: Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel mwaka wa 2010. Tigo ilinunuliwa na Orange mwaka wa 2016. Majina yale ya zamani bado yako kwenye kuta za maduka mengine, lakini hakuna mutu anaweza kulipa bei kubwa kwa ajili yake.

Basi, mbele ya kununua jina lenye fasi ao sosiete ndani yake, uliza: neno hili litakuwa na maana miaka 10 ijayo? Maneno ya vitu ambavyo watu wanatumia siku zote, kama usafiri, unga, nyumba, dawa, hayazeeki haraka.

Jina liko na maisha yaliyopita

Gari la zamani unaliangalia kwanza chini ya kofia. Jina la zamani vilevile. Linaweza kuwa lilitumiwa na tovuti nzuri, na tovuti zingine bado zinaelekeza watu kwake. Hapo lina faida, kwa sababu watu wanafika bila wewe kulipa matangazo. Lakini linaweza pia kuwa lilitumiwa na matapeli, na barua pepe yoyote inayotoka kwake inatupwa moja kwa moja kwenye takataka.

Kuko njia ya kuangalia bila kulipa. Internet Archive, maktaba ya Marekani, inahifadhi picha za tovuti tangu mwaka wa 1996. Ukiandika jina kwenye anwani yao, web.archive.org, utaona lilikuwa linaonyesha nini mwaka baada ya mwaka.

Hata mukia unaweza kubeba sifa mbaya. Kwa miaka mingi sosiete moja ya Uholanzi, Freenom, ilitoa bure majina ya .ml ya Mali, .ga ya Gabon na ya inchi zingine. Kwa sababu yalikuwa bure, matapeli waliyapenda sana. Mwaka wa 2023, Mali na Gabon zilirudisha mikia yao mukononi mwao, na kwa Gabon mamilioni ya majina yalifutwa. Wale wachache waliokuwa wamejenga kazi ya kweli juu ya jina la bure walijikuta bila anwani.

Jina la mwingine ni kesi, si mali

Wengine wanafikiri: nitabeba jina la sosiete kubwa, nalo litakuja kunilipa. Tangu mwaka wa 1999 kuko kanuni ya ICANN kwa majina ya .com na mengine mengi. Mwenyi alama ya biashara anaweza kushitaki bila kwenda tribinali, kwa mufano mbele ya shirika la WIPO kule Geneva. Anapaswa kuonyesha mambo matatu: jina linafanana na alama yake, wewe huna haki juu yake, na ulilibeba na kulitumia kwa nia mbaya. Akishinda, anapewa jina na wewe haulipwi kitu. Kushitaki jina moja mbele ya hakimu mumoja kunamugharimu dola 1,500, kwa hiyo hana sababu ya kukulipa dola 50,000.

Ukiuzishiwa jina lenye ndani yake kuna chapa ya benki, ya telefone ao ya mugodi, ujue unanunua kesi.

Tufanye hesabu

Turudi kwa wakala wetu wa duane na jina la dola 600. Tuseme kuko jina lingine la maneno mawili, liko huru kwa dola 15. Tofauti ni dola 585. Tuseme tena kila faili anayoshugulikia inamuachia faida ya dola 30. Ili jina la bei lirudishe makuta yake, linapaswa kumuletea karibu wateja 20 wenye wasingekuja na lile la dola 15.

Je, watakuja? Kama wateja wake wanafika kwa kuambiana wao kwa wao na kwa WhatsApp, jina halitawaleta. Atumie makuta yale kwa bango ao kwa tangazo. Lakini kama anapata maombi kutoka kwa masosiete ya ng'ambo yanayotafuta kwenye intaneti wakala wa Kasumbalesa ao Mokambo, jina la wazi linaweza kulipa haraka.

Na wewe kijana unayetaka kubeba majina 100 ili uyauzishe: majina 100 kwa dola 15 ni dola 1,500 kila mwaka, na mengi hayatauzishwa hata siku moja. Anza na moja ao mawili, yenye unaweza kutaja kwa kinywa wanunuzi wake.

Karatasi iko kwa jina la nani?

Hapa ndipo watu wetu wanaumia zaidi. Wauzishaji wengi wa majina wanataka kadi ya benki ya kimataifa. Wengi wetu tuko na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money tu. Basi tunamupa makuta fundi wa kompyuta, naye anaandikisha jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Siku mukigombana, ao akihamia fasi ingine, jina liko kwake. Ni sawa na kulipa lupango kisha hati zikaandikwa kwa jina la fundi wa matofali.

Na tarehe ya kulipa ikipita? Kwa .com, muuzishaji anaweza kukuachia hadi siku 45. Nyuma yake kuko siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5, na jina linakuwa la yeyote anayewahi.

Usifikiri hiyo inapata wadogo tu. Mukia wetu .cd ulikuwa unategemea, kati ya milango yake, jina moja: scpt-network.com. Liangalie: refu, lina kistari, kipimo cha redio linaanguka. Hakuna mununuzi angelipa hata dola 50 kwa uzuri wake. Mwaka wa 2020 muda wake ulipita bila kulipwa. Fredrik Almroth, mutaalamu wa usalama wa sosiete ya Detectify ya Uswidi, aliona hivyo, na mwisho wa mwaka ule akalibeba yeye, ili mutu mubaya asiliwahi. Katika maelezo aliyoyatoa mwezi wa 1 mwaka wa 2021, alisema kwamba mwenyi kushika jina hilo angeweza kupokea karibu nusu ya maulizo yote ya .cd na kuwapeleka watu kwenye tovuti za uongo. Angalia maana yake: masosiete, mabenki, ofisi za Leta, wote wenye anwani ya .cd, usalama wao ulikuwa juu ya jina lenye mutu yeyote angeweza kubeba kwa bei ya kawaida.

Pale ndipo unaona bei ya kweli ya jina. Tovuti yako, barua pepe zako, wateja wanaokuamini, vyote vimefungwa kwenye jina hilo. Kwa mununuzi wa nje linaweza kuwa dola 15. Kwako, siku linapotea, ni kazi yako yote.

Mbele ya kulipa, uliza haya

Jina liko huru, ao kuko mutu analishika? Angalia mwenyewe.

Bei ya mwaka wa pili ni ngapi? Wengine wanakupa mwaka wa kwanza kwa dola 2, kisha mwaka wa pili wanakudai 30.

Nikilitaja mara moja, mutoto wa shule ataliandika bila kosa?

Lilitumiwa kwa kazi gani mbele yangu? Lina chapa ya mwingine ndani?

Barua pepe iliyo kwenye maandikisho ni yangu, yenye mimi ndiye ninashika neno la siri?

Nani ananipa namba ya siri ya kuhamisha jina, na lini? Kwa makuta mengi, usitume kwa mutu moja kwa moja: kuko masosiete yanayoshika makuta katikati, kama Escrow.com, hadi jina lifike kwako.

Tarehe ya kulipa tena ni gani? Iandike ukutani kwenye biro, karibu na tarehe ya patenti na ya kodi ya nyumba, na ulipe miaka miwili ao mitatu mara moja ukiweza.